Viti vya Kuazima

Chang'ombe,
Dodoma.
Jumapili, 13 Machi 1994

Mpendwa kaka Ernest,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini kidogo, kama vile nasubiri uitikie. Hujambo huko Mwanza? Kile kifua chako kimepona, au baridi ya kiwanda cha minofu inakizidisha? Unakula vizuri? Viatu unavyo? Kama umeoa, shemeji naye hajambo? Nasema "kama" kwa sababu huku hatujui, na si vizuri kumsalimia mtu ambaye hayupo, wala kumruka aliyepo.

Sisi huku wazima, kwa uzima wa mwaka huu. Mwanangu Sila ametimiza miezi kumi na ameota meno mawili ya chini. Majirani wanamwita Bwana Mkubwa, maana akiwa mgongoni anatazama watu kama anawakagua. Yotham mume wangu anakusalimu sana. Alipunguzwa kazini mwezi wa nane pamoja na wenzake kumi na wanane, siku hizi anafyatua matofali. Mgongo unamsumbua lakini hasemi.

Mvua imenyesha mara nne tu tangu Desemba. Mtama wa watu umefika magotini ukasimama hapo, kama mtu aliyesahau alichokuwa anakiendea. Madukani vitu vimejaa, hilo nisiseme uongo. Sabuni ya kila rangi, vitenge, redio, mitumba mpaka barabarani. Ukiwa nacho unachukua, ukiwa huna unaangalia. Zamani tulikuwa tunakosa wote pamoja, kaka. Sasa kila mtu anakosa peke yake.

Hizo ni salamu. Sasa nakueleza kilichonikalisha chini siku ya Jumapili mtoto akiwa amelala. Kinamhusu mama yako, mama mkubwa Debora, aliyenilea mimi tangu mama yangu alipofariki. Ukiona mahali kalamu imetoboa karatasi, usiseme Loisi ana mwandiko mbaya. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa, lakini mwandiko wangu ni mzuri, na huo mwandiko ndio ulioniponza.

Unakumbuka kikombe cha Alhamisi? Tulipokuwa wadogo pale Msalato, kila Alhamisi mama alikuwa anateka kikombe kimoja cha unga kabla ya kusonga ugali, anakiweka pembeni. Wenzake nao walifanya hivyo. Unga ukikusanywa, mmoja anaubeba chini ya kanga mpaka kwa yule aliyebanwa wiki hiyo. Na akifika hasemi nimekuletea msaada. Anabisha hodi anasema, "Nimekuja kuomba moto." Anaingia mpaka jikoni, anachukua kaa moja la moto, anashukuru, anaondoka. Mwenye nyumba akigeuka anakuta unga umekaa pale mafigani. Basi yeye ndiye aliyeombwa, na yeye ndiye aliyetoa. Hakuna aliyemwona akipokea.

Nilipoolewa huku Chang'ombe nilikuja na kikombe hicho. Tulianza wanawake saba. Hatukuwa na jina wala kiongozi. Tuliwafikia wajane, wagonjwa, na yule fundi cherehani aliyepofuka. Mtu alikuwa anaweza kushiba mwezi mzima bila jirani wa pili kujua.

Mwaka jana katikati likaja shirika kutoka nje, na Landrova nyeupe. Wakasema wamesikia habari zetu, wanataka kutuongezea nguvu, wataleta mahindi na maharage ya magunia kabla njaa haijaingia. Nani akatae? Tulipiga vigelegele mpaka mtoto akaamka. Lakini walisema hawawezi kumpa magunia mtu asiye na jina. Basi tukapata jina, Kikundi cha Akina Mama Tuinuane. Tukapata katiba, muhuri, na kibao cha bati pale njiani. Mwenyekiti akachaguliwa Mama Emilia, ambaye sijawahi kuona kikombe chake cha unga hata kimoja, ila sebule yake ina sakafu ya saruji na mumewe anaheshimika ofisi za huku. Nikaulizwa mimi, "Nani ana mwandiko?" Wakanionyesha kwa vidole. Nikawa karani.

Kijana wa shirika anaitwa Respicius, mtu wa Bukoba. Nataka nimtendee haki, si mtu mbaya. Anaamkia wazee, hana matusi, na mara mbili alimbeba Sila nilipokuwa naandika. Lakini kwao mgomba husimama nyuma ya nyumba mwaka mzima. Njaa ya kwetu ameisomea.

Kazi yetu ilikuwa kutembelea kila nyumba iliyoandikishwa, watu watatu: Respicius, Emilia na mimi na fomu. Fomu inauliza. Chakula ndani kipo au hakipo? Mifugo? Samani? Kuna mtoto au ndugu mwenye kazi? Chini kabisa kuna nafasi ya neno moja la mwisho, anastahili au anajiweza. Na waliweka sheria kwamba mtu asipokutwa nyumbani siku hiyo anafutwa.

Mama nilimwandikisha mwenyewe, namba thelathini na moja. Unajua anakaa na watoto wawili wa marehemu dada yako Miriam, yaani Lea mwenye miaka tisa na Erick mwenye minne. Nilipoandika jina lake nilifurahi, kaka. Nilisema sasa naye atapumzika.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilijua saa za asubuhi mama huwa porini anachuma mlenda. Nikaogopa tutakuta mlango umefungwa, afutwe. Basi nikamtuma Mwanasha, yule anayepitisha mboga Msalato, nikamwambia, "Mwambie mama asitoke Jumanne, tunakuja wageni watatu." Ni hayo tu niliyomwambia. Wewe umezaliwa na yule mama, huhitaji nikueleze neno wageni linamfanya nini.

Tulifika, kiwanja kimefagiwa, alama za ufagio zimepangana kama misuko ya nywele kichwani. Ukuta wa tembe umekandikwa udongo mpya, bado una unyevu. Nje kuna viti vitatu. Nilivijua palepale, ni vya jirani Matonya. Kimoja mguu wake umefungwa waya, na hicho amekiweka upande wa ukutani ili nikikalie mimi, mtoto wa nyumbani. Mezani kuna chupa ya chai yenye maua, ya kwa mwalimu wa kanisa. Mama mwenyewe amevaa lile gauni la bluu alilovaa siku ya harusi yangu.

"Mbukwenyi, mbukwenyi! Karibuni, karibuni sana! Msimame kwani hapa ni polisi? Kaeni."

Chai ilikuwa na sukari. Sukari! Halafu Lea akaleta maji ya kunawa, na nyuma yake ukaja ugali wa uwele na kuku mzima.

Nilimtambua yule kuku kwa mguu, alikuwa mtetea mweupe aliyekatika kidole. Hapakuwa na mwingine kwenye boma lile. Mayai yake ndiyo yalikuwa yanamnunulia Lea madaftari. Nikaingia ndani nikijifanya nafuata chumvi. Juu ya mafiga, kwenye moshi, pale anaponing'iniza kibuyu cha mbegu, palikuwa patupu. Kibuyu kimelala sakafuni, mdomo wazi. Tulikuwa mwisho wa Novemba, kaka, wiki mbili kabla ya kupanda. Mama alikuwa ametwanga mbegu.

Nilirudi nje nikafungua mdomo. Mama akaniwahi, macho yameniganda, sauti ni ya asali. "Loisi mwanangu, mwongeze mgeni mchuzi. Usikae tu kama wewe ndiye unayeposwa." Wakacheka wote. Nikamwongeza mgeni mchuzi.

Respicius alikula kwa shukrani. Akasema, "Bibi, hata hotelini sijawahi kukirimiwa hivi." Mama akajibu kama anavyojibu siku zote, "Karamu gani, baba, mmenikuta sina kitu." Respicius akacheka. Alidhani ni unyenyekevu.

Na Emilia? Emilia ni Mgogo kama sisi. Ameketi kwenye kiti cha Matonya akijua ni cha Matonya. Anajua bibi wa kwetu akimchinjia mgeni kuku haina maana kwamba ana kuku. Alitafuna, akanyonya mfupa, akasema, "Mama Debora, una mkono mtamu." 

Yakaja maswali. Kwenye swali la mtoto mwenye kazi mama alisimama, kaka. Alisimama kabisa! Akaingia ndani akatoka na ile picha yako uliyopiga umesimama na lori, umevaa miwani. Akasema, "Huyu ndiye Ernest wangu. Yuko Mwanza kwenye kiwanda kikubwa cha samaki. Ananitunza sana. Haupiti mwezi hajanikumbuka."

Huo ulikuwa mwezi wa ishirini na mbili tangu barua yako ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, nahesabu kimoyomoyo. Nikaandika, "Anaye. Anamtunza." Alikufichia aibu mbele ya wageni, na hilo ndilo lililomzamisha kuliko kuku na viti.

Tulipokuwa tunaenda kwenye gari Respicius akasema, "Huyu bibi hali yake ni nzuri. Ana viti, ana kuku, ana kijana kiwandani."

Nikasema, "Viti ni vya jirani."

"Sasa kwa nini aazime?"

"Kwa sababu umekuja."

Akanitazama, akacheka kidogo, si kwa dharau. "Dada Loisi, fomu haina mahali pa kuandika hivyo." Nikamgeukia Emilia. Emilia akasema, "Tuandike tulichokiona. Kila mtu akimtetea wa kwao, kikundi kitakufa." Na mimi, kaka, niliona haya kuonekana namtetea wa kwetu. Nilikuwa bado nina ladha ya ule mchuzi mdomoni. Nikaandika ANAJIWEZA kwa herufi kubwa, na kwa mwandiko mzuri.

Mahindi yalikuja Januari. Mama alifika kwa miguu yake kutoka Msalato na watoto wawili, kabla hata magunia hayajashushwa, ana gunia lake tupu amelikunja kwapani. Nilikuwa sijapata ujasiri wa kwenda kumwambia. Nilisema kesho, nikasema keshokutwa. Na mwenye kusoma majina alikuwa ni mimi. Nilisoma ishirini na tisa. Nikasoma thelathini.  Nikasoma thelathini na mbili.

 Mama alingoja mpaka jina la mwisho, akidhani labda wazee wamewekwa mwisho. Mwanamke mmoja kwenye foleni, wa wale wenye midomo, akapaza sauti: "Bibi Debora! Wewe wa kuku na chai ya chupa, foleni ya maskini unatafuta nini?" Kumbe Emilia alikwisha kusimulia karamu mtaa mzima. Watu wakaangua kicheko.

Mama naye akacheka. Akasema, "Mwacheni bibi. Nimekuja kumsikiliza mwanangu anavyosoma. Mmemsikia lakini? Hata mkuu wa mkoa hasomi hivyo!" Wakacheka zaidi, safari hii wakiwa upande wake. Halafu akalikunja lile gunia, mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama leso, akamshika Erick mkono akaondoka. Alinipita karibu. Akanirekebishia kanga ya mtoto mgongoni, akasema, "Jua kali, mfunike kichwa." Basi. Afadhali angenitukana.

Shamba alipanda mtama kidogo aliopewa na Matonya, kiganja kimoja na nusu. Ndio huo uliosimama magotini. Februari ilipoanza alimtoa Lea.

Sikiliza hili vizuri, kaka, maana wewe ni mjomba wake. Lea hasomi tena. Yuko Area D kwa mama mmoja karani wa ofisi za Bunge, analea mtoto. Mama alitoa neno kwamba atakaa huko mwaka mzima, kwa sababu kule Lea anakula, na akila yeye, sahani ya Erick inaongezeka. Mama yule hampigi, sitasema uongo. Lakini Lea ana miaka tisa, na mtoto anayembeba ana miwili na amenona. Nilikutana naye njiani ameinama kama bibi kizee. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama mdogo." Halafu akaniuliza, "Mjomba Ernest ameandika?" Nikamwambia bado. Akasema, "Labda barua imepotea," akaendelea na safari yake dukani. Miaka tisa tu, naye amekwisha kujifunza kukufichia aibu.

Siku hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa Emilia. Nilimwambia tumrudie mama, tumeandika uongo. Akaniambia, "Loisi, aliyeandika ni wewe. Na paja ulikula." Kisha akaniambia tukibadilisha karatasi wafadhili watatuona waongo, watu sitini wakose kwa ajili ya mmoja. Nilikaribia kuamini. Lakini pale mezani niliona daftari, na namba thelathini na moja ilikuwa imekwisha kujazwa. Jina lilikuwa la wifi yake, yule mwenye mashine ya kusaga.

Nikamfuata Respicius mwenyewe. Nilimweleza yote, kuku, kibuyu, picha yako, miezi ishirini na miwili. Alichezea funguo za gari. Mwisho akasema, "Tutarudi Alhamisi."

Safari hii sikumtuma Mwanasha. Nilikwenda Jumamosi na Sila mgongoni, nikapiga magoti mbele ya mama yako. Nikasema, "Mama, wanakuja tena. Nakuomba usifagie. Usiazime kitu. Wakukute ulivyo."

Akasema, "Mimi nilikufundisha kushika ufagio. Leo unakuja kunifundisha kuuweka chini?"

"Ni kwa ajili ya Lea, mama."

"Wageni wakute takataka, waseme Debora amekuwa mchafu uzeeni."

"Waseme tu."

Alimchezesha Sila vidole vya miguu. Kisha akasema, "Haya. Lakini mwanangu, msaada gani huu unaotaka mtu avuliwe nguo kwanza?"  Wewe jibu unalo?

Alhamisi tulimkuta ameketi chini kwenye ngozi mlangoni, na Erick pembeni. Kiti hata kimoja hakuna. Majani ya siku tano yametapakaa kiwanjani, na mama alikuwa anayatazama kama mtu aliyekutwa anaoga. Hakusema karibuni. Nimeishi naye miaka kumi na sita, sijapata kumsikia akikosa kusema karibuni.

Respicius akachuchumaa. Akauliza kwa adabu, "Bibi, ndani una akiba yoyote ya chakula?"

Mama akasema, "Nilikuwa nayo, baba. Mliila."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama unavyomwelekeza mtu njia. Respicius alivua kofia. Emilia akageuka kuangalia gari. Nikafungua fomu, Respicius akaninyang'anya kalamu polepole, akaandika mwenyewe.

Ungedhani habari imeishia pazuri. Wiki ya jana jibu limerudi kutoka kwa wakubwa wake. Ombi limepokelewa, bibi anastahili, lakini orodha ya awamu hii imefungwa. Atafikiriwa awamu ijayo, baada ya mavuno. Respicius aliponisomea alishindwa kumalizia. Nilimwuliza, "Baada ya mavuno ya nini? Ya ile mbegu?" Akasema, "Samahani, dada." Wifi wa Emilia bado anachukua mahindi yake kila mwezi, na mashine yake ndiyo inayoyasaga ya wenzake.

Nimeacha ukarani. Daftari nililirudisha. Nikawazungukia wale wenzangu sita wa mwanzo, nikawaambia turudi kwenye kikombe chetu. Watatu waliniuliza, "Si kuna shirika?" Mmoja hakutoka hata mlangoni. Wawili walikubali. Basi tuko watatu, na kikombe changu si kila Alhamisi kinajaa, maana na sisi tunakula mara moja. Lakini kinatoka. Watu watatu si haba. Nikiwaangalia napata moyo kidogo, siwezi kukuficha.

Alhamisi iliyopita nilibeba unga chini ya kanga mpaka Msalato. Nikapiga hodi, nikasema kama alivyonifundisha, "Mama, nimekuja kuomba moto."

 Akasema kutoka ndani, "Umezimika, mwanangu. Ngoja nikuwashie."

Nikachungulia. Mafiga yalikuwa ya baridi, majivu ya zamani. Hakukuwa na kitu cha kupikia, na moto ungewashwa wa nini? Akainama, akakusanya vijiti, akapuliza mpaka machozi yakamtoka kwa moshi, mpaka likapatikana kaa moja. Akanipa kwenye kigae, akaniambia, "Nenda nalo taratibu, lisikuunguze." Nilitembea na kaa lile mpaka nje ya boma, nikakaa chini nikalia. Unga ulibaki mafigani.

Sasa nakuja kwako, kaka Ernest. Barua hii nampa Mazengo anayepanda treni ya Mwanza Jumanne. Nimemwambia akukabidhi mkononi asiiache getini. Sijui umepatwa na nini huko. Labda umeugua, labda kazi iliisha unaona aibu. Kama ni aibu, njoo nayo, hapa zimejaa, yako haitajaza nyumba. Sikuombi utume kitu kwa mtu. Nakuomba uje wewe, ufike Area D useme, mimi ndiye mjomba, nimemfuata mtoto. Neno la mama mimi siwezi kulivunja, ni mdogo, nitaonekana mtovu wa adabu. Wewe unaweza. Lea arudi shule kabla hajasahau kusoma. Mengine tutayabeba sote, kikombe kwa kikombe.

Nisalimie Mgogo yeyote utakayemwona huko. Yotham anakusalimu tena. Matonya jirani anakusalimu, anasema viti vyake vipo. Erick hakukumbuki lakini ameambiwa akusalimu. Lea anakuamkia, shikamoo mjomba. Mungu akulinde njiani na akupe moyo wa kupanda treni, hayo mawili yanatosha.

Na mama je? Nilimwuliza jana, "Nikiandika kwa Ernest nimwambieje?" Akasema, "Mwandikie sijambo. Mwambie nipo vizuri, chakula kipo, asihangaike na sisi." Basi nimeandika. Sijambo ya mama ndiyo hiyo, kwa mwandiko wangu uleule mzuri.

Jambo la mwisho, nakuomba kwa magoti. Ukija, usiandike kwanza. Usimtume mtu mbele, usipige simu kwa mwalimu wa kanisa. Tokea tu. Maana akisikia unakuja ataanza kufagia, na atakwenda kwa Matonya kuazima viti.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Loisi